Ruta ya antena nne yenye MU-MIMO: hosteli imetubeba, ila wa varandani wanalia

Wakuu, hizi ruta za WiFi 5 zenye antena nne na MU-MIMO kubwaa kwenye boksi naona wengi mnaziulizia. Mimi nimefunga moja hosteli ya wanafunzi huku Mwenge, faiba ileile, kifurushi kilekile, nimebadilisha ruta tu.

Kariakoo watakwambia antena nne maana yake inafika mbali. Wapi! Kazi yake, na ndo hiyo MU-MIMO yenyewe, ni kutuma data kwa vifaa kadhaa kwa mpigo bila mawimbi kuingiliana, maana zile za zamani zinahudumia kimoja kimoja kwa zamu. Ruta hii inatuma mawimbi ya kupima, simu zinarudisha majibu zinayapokeaje, halafu inachagua nani apelekewe pamoja na nani, na hapa ndo utamu ulipo, haiangalii mwenye netiweki kali tu, inatafuta ambao njia zao za mawimbi hazifanani ili ya huyu isimvurugie yule.

Kwa hiyo mmoja yuko chumba cha kona na TV, mwingine juu na laptopu, saa tatu usiku kila mtu anaangalia video na haikwami. Ila wale wa benchi la varandani, simu zimebanana bega kwa bega, hawaoni tofauti, ruta ikishindwa kuwatenganisha inarudi kwenye zamu. Na anayetembeatembea na simu naye haambulii, kipimo kinakuwa kimeshapitwa na wakati.

Boksi halikwambii kwamba simu nayo lazima iwe na MU-MIMO na iwe kwenye masafa ya WiFi ya 5GHz, ukiiacha kwenye yale ya 2.4GHz umeliwa. Halafu WiFi 5 inafanya hivi kwenye kudaunlodi tu, ukipandisha video yako mnapanga foleni kama zamani, kupandisha kwa pamoja kumekuja na WiFi 6. Kuhudumia watu wanne kwa mpigo nako ni kwa kwenye karatasi tu, antena nne zikibeba wanne kila mmoja anapata kiduchu, wawili watatu ndo inapumua. Yangu pia ilikuja setingi imezimwa, ingieni muiwashe.

Naipa nyota tatu na nusu. Vyumba vingi, chukua. Mko wawili tu nyumbani, baki na ya kawaida. Ofisi ya wote meza moja, ongeza hela uchukue WiFi 6, ile inakata chaneli vipande inawagawia, haijali mmekaa karibu.