Miksa ndogo ya jazz: sauti nzuri, monita ya kukutia aibu jukwaani

Kama bendi yenu inapiga jazz sehemu ndogo ndogo na mnatafuta miksa (mashine ya kuchanganya sauti za maiki na vyombo) ya kubeba mkononi, kabla hujatoa hela muulize muuzaji swali moja: nikishusha fada, kile kitelezi cha sauti ya kila chombo, sauti ya kwenye monita, yaani spika inayowaelekea wanamuziki, inabaki au inashuka nayo? Mimi niliuliza. Niliuliza kabisa, nimesimama kaunta kwenye duka moja la Kariakoo, na kijana akanijibu bila hata kuigusa mashine: "Inabaki bosi, hii kitu ya kitaalamu."

Haibaki.

Kwa ambao hawajakaa kwenye mitambo: ile nobu iliyoandikwa AUX ndiyo inayopeleka sauti kwa wanamuziki wajisikie. Kuna AUX inayochukua sauti kabla haijafika kwenye fada, na kuna inayochukua baada ya fada. Ya kabla ndiyo ya monita. Ya baada ni ya kupeleka sauti kwenye mashine ya mwangwi. Hii niliyouziwa ina njia moja tu, ni ya baada ya fada, na hakuna hata kitufe cha kubadilisha. Halafu boksi limeandikwa chaneli 12 kwa herufi kubwa! Matundu ya maiki yako manne. Mengine yote ni ya laini, yaani ya vyombo kama kinanda, si ya maiki, yanahesabiwa kushoto na kulia kila moja peke yake ili namba ipendeze.

Jukwaani wako watano: drams, besi kubwa la kusimama, kinanda, saksafoni na mwimbaji. Jazz si muziki wa kupanga sauti mwanzoni ukakaa kitako. Mpiga drams anaanza na brashi, mara kashika fimbo. Saksafoni ananong'ona beti nzima, ikifika zamu yake ya kupiga peke yake anafumua. Mkono wangu mimi fundi mitambo hautoki kwenye fada. Sasa siku ya kwanza ya kuitumia, kwenye mgahawa uliojaa watu, mwimbaji yuko kwenye wimbo wa taratibu, nikashusha kinanda kidogo ili maneno yasikike. Kinanda kikapotea masikioni mwake. Nikamwona anageuka kumtazama mpiga kinanda, mkono kaweka sikioni, na noti iliyofuata ikatoka nje ya ufunguo. Mwimbaji ambaye simjui kwa kukosea! Saksafoni alipoingia nikampandisha, monita nayo ikapanda, maiki ya dada wa watu ikaanza kupiga filimbi. Wateja wakaziba masikio. Meneja akaja kuniuliza mimi kama naijua kazi.

Nikairudisha dukani. Kijana yule yule. Safari hii bosi sikuwa tena: "Mzee, labda hujui kuitumia." Mimi, niliyezeeka kwenye vyombo. Nikamwomba tuichomeke hapo hapo anionyeshe, akasema hana nafasi, ana wateja. Kisha akanisomea risiti yangu mwenyewe: mali ikishauzwa hairudishwi. "Wa makanisani wanachukua hizi kila wiki hawasemi kitu, nyie wa jazz ndio wasumbufu." Hakuna pole, hakuna "ngoja nimwite mkubwa wangu." Nilitoka pale natetemeka.

Kwa hiyo msinunue. Ingawa, haki ya mashine ni haki yake, sauti inayotoka kwenye spika za mbele ni safi mno kwa kitu kidogo namna ile. Hakuna ule mvumo wa shhh nyimbo zikitulia. Brashi zikizunguka juu ya ngoma ya sneya unazisikia zote, na besi linatoka nene bila kuunguruma. Miksa kubwa kuliko hii nimezitumia hazikuwa na usafi huo. Mwenye kinanda na mwimbaji tu, asiyehitaji monita, achukue, atafurahi. Nilikuwa nimeandika nyota moja, nikaweka tatu.

Lakini kila nikikumbuka namna tunavyopiga sasa, nyota zinapungua. Fada sizigusi tena. Nazipanga kabla watu hawajaingia, halafu saksafoni anasogea mwenyewe mbali na maiki, akifika zamu yake anakaribia. Wenzangu wanasema bendi imetulia zaidi hivi kwa sababu kila mtu anamsikiliza mwenzake, na ni kweli imetulia. Ila hilo ni jasho la wanamuziki, aliyeniuzia hana sifa yoyote hapo. Basi mbili.

Ukienda kununua, beba maiki yako na spika yako. Chomeka dukani, spika kwenye tundu la AUX, fungua nobu ya AUX, ongea huku unashusha fada mpaka chini kabisa, usikilize kama spika inanyamaza. Ikinyamaza, hiyo si ya monita. Wakikuambia hawana nafasi ya kukujaribishia, rudisha hela yako mfukoni uende duka la pili.