Intaneti ya waya kwa anayefanyia kazi kwenye kontena, karavani au aneksi Lubumbashi: kipi kinunuliwe kwanza

Kontena la chuma lililogeuzwa chumba na karavani iliyoegeshwa nyuma ya parseli vina shida moja: Wi-Fi haipiti. Chuma hurudisha mawimbi, na ruta iliyo sebuleni kwa mwenye parseli, hata kama iko mita 15 tu, inakufikia ikiwa hoi. Aneksi ya matofali yenye mlango na madirisha ya chuma haipishani sana na hapo. WhatsApp itafunguka, lakini mkutano wa kazi utakatika katikati ya sentensi. Kwa hiyo hapa tunazungumzia waya unaofika mpaka kwenye kompyuta.

Tumepanga chaguo kwa kigezo kimoja: ni laini ipi itashikilia mkutano wa saa nzima bila kukatika. Kasi inafuata baadaye. Zoom ya watu wengi kwa picha ya 720p inahitaji takriban Mbps 2.6 za kupakia na 1.8 za kupakua. Mbps 10 zisizoyumba ni mali kuliko 50 zinazokuja na kuondoka.

Ya kwanza: faiba mpaka ndani ya parseli

Kama uzi wa faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, unapita mtaani kwako, usitafute kingine. Tazama nguzo za barabarani: kisanduku cheusi chenye nyuzi nyembamba zinazoelekea nyumba za jirani ni dalili nzuri. Katikati ya mji na mtaa wa Golf uwezekano ni mkubwa kuliko pembezoni mwa Katuba au Ruashi. Kabla ya kulipa, uliza wazi: "Itaingia kwangu kwa uzi au kwa antena?" Wapo wanaouza "faiba" ambayo mwisho wake ni antena juu ya paa.

Swali la pili kwa muuzaji ni njia ambayo intaneti yake inapita kutoka nje ya nchi. Nyuzi za Lubumbashi zinaweza kupitia Kasumbalesa na Zambia kuelekea kusini na mashariki, au kuelekea magharibi hadi Muanda kwenye kebo ya bahari ya WACS. Agosti 2023 maporomoko ya udongo chini ya bahari, kwenye korongo la mto Kongo, yalikata WACS na kebo nyingine ya bahari, SAT-3. Machi 2024 WACS ikakatika tena karibu na Côte d'Ivoire. Mei 2024 ikawa zamu ya kebo za mashariki: EASSy na Seacom. Muuzaji mwenye njia mbili atakujibu mara moja. Asiye na jibu, andika hilo pembeni.

Siku ya kufungiwa, mwambie fundi akuonyeshe kipimo cha mwanga pale uzi unapoingia. Kati ya dBm -15 na -25 ni sawa (dBm ni kipimo cha nguvu; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga ulivyo hafifu). Ikikaribia -27 laini itaanza kukatika kiunganishi kikipata vumbi kidogo tu. Kichwa cha kijani hakichomekwi kwenye tundu la buluu: kimekatwa kwa mshazari, na mwanga mwingi utapotea. Uzi usikunjwe mduara wenye nusu kipenyo chini ya sentimita 3. Taa iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku cha faiba ikiwaka nyekundu, tatizo ni uzi au kichwa chake, na kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia.

Mita za mwisho, kutoka nyumba kubwa hadi kwako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mara nyingi laini ya faiba ni nzuri kabisa, ila kebo iliyovuka uwanja ni mbovu.

Kebo ya mtandao ya Cat6 inaruhusiwa hadi mita 100. Nunua ya nje, yenye ganda jeusi linalovumilia jua, na nyaya za shaba tupu. Inasikitisha kwamba katika mji wa shaba madukani imejaa alumini iliyopakwa shaba. Kuitambua ni rahisi: kwangua waya kwa kisu, na ukiona weupe ndani, irudishe. Kwa katoni nzima ya mita 305, menya ncha zote mbili na upime waya mmoja kwa maltimita. Shaba halisi haizidi ohm 28 au 29. Ya alumini huzidi hapo. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kukujibu.

Ipitishe ndani ya bomba la plastiki la mm 25, kina cha sentimita 45, mbali na waya wa umeme. Bomba si anasa. Mchwa wa huku hutafuna ganda la kebo, na jembe la mwenye bustani humalizia. Vichwa vifungwe kwa mpangilio huu pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi zisifumuliwe zaidi ya mm 13. Kompyuta ikionyesha Mbps 100 badala ya 1000, waya mmoja haujashika, mara nyingi wa buluu au wa kahawia. Kata kichwa, funga upya.

Kisha kuna radi. Kuanzia Novemba hadi Machi inapiga kwelikweli, na kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili huipeleka hadi kwenye kompyuta yako. Si lazima ipige paa lako. Ukiwa umbali wa zaidi ya mita 30, au ndani ya kontena, pitisha faiba hata kwenye uwanja: mita 50 za kebo iliyofungwa vichwa tayari, pamoja na vigeuzi viwili vya kubadili mwanga kuwa mtandao. Vinunuliwe jozi, A na B, kwa sababu kimoja hutuma mwanga wa nm 1310 na kingine wa 1550. Ukipewa A mbili havitaonana kamwe. Faiba haipitishi radi, na haina shaba ya kumvutia mwizi.

Ya pili: antena ya redio kwenye mlingoti

Mtoa huduma anafunga redio ya 5 GHz inayotazama mnara wake, na kebo inashuka hadi kwako. Ikifungwa vizuri inakaribia faiba. Sharti ni kuona mnara bila kizuizi. Mwembe ulioruhusu mawimbi ulipopogolewa utayafunga ukichipua, kwa hiyo mlingoti uupite mti kwa mita 2 au 3. Mvua haiisumbui sana 5 GHz. Redio za 60 GHz huanguka kwenye mvua kubwa. Kebo ya kushuka iwe yenye kinga ya chuma, na mlingoti uwe na waya wa ardhini. Redio nyingi za aina hii hula volti 24 kupitia kebo hiyohiyo: usichomeke kompyuta kwenye tundu lenye umeme.

Ya tatu: Starlink

Starlink ni intaneti ya setilaiti. ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliipa leseni Mei 2025. Kwa anayeishi kwenye karavani na kuhamahama kati ya Kasapa na barabara ya Kasumbalesa, inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza. Sahani inataka anga wazi. Tawi moja linaloingia kwenye uwanja wake wa kuona hukata simu kwa sekunde chache, tena na tena. Sahani ndogo, Mini, hula wati 25 hadi 40, na ya kawaida wati 75 hadi 100, yaani wati-saa (Wh) 600 hadi 800 kwa siku ya saa nane. Ruta yake iunganishwe kwa kebo kama laini nyingine yoyote.

Ya nne: 4G yenye antena ya nje

Hii ni akiba. Usiiache ibebe kazi yote. Chagua kifaa ambacho modemu iko ndani ya antena yenyewe, juu ya paa, na kinachoshusha kebo ya mtandao. Waya mrefu wa antena hula mawimbi kabla hayajafika. Kwenye ukurasa wa ruta, RSRP (nguvu ya mawimbi) iwe bora kuliko dBm -95 na SINR (usafi wake) izidi 10. Jaribu kadi za Vodacom, Airtel na Orange mahali hapohapo, jioni, minara inapolemewa.

Umeme

Delestaji, yaani mgao wa umeme, haiulizi kama uko kwenye mkutano. Kisanduku cha faiba na ruta pamoja hula wati 15 hadi 20. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya 12.8 V, 20 Ah, inabeba Wh 256, na ukitumia asilimia 80 unapata takriban saa 10. Usipitie inveta, kwani inaweza kula wati nyingi kama ruta yenyewe. Tumia kidhibiti kinachoshikilia umeme kwenye 12 V, maana betri iliyojaa hufika volti 14.6. Na kama kisanduku kiko kwa mwenye parseli, betri inatakiwa kule pia. Wengi husahau: kwako taa inawaka, kule nyumba kubwa kila kitu kimezimika.

Kabla ya kusaini mwaka mzima, lipa mwezi mmoja. Acha *ping* mbili (amri ya kompyuta inayotuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu) zikiendelea kwa saa nzima jioni, moja kwa 192.168.1.1 au anwani ya ruta yako, nyingine kwa 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Majibu yakipotea kwenye ya kwanza, chimbua kebo yako. Yakipotea kwenye ya pili peke yake, piga picha ya matokeo na umpelekee muuzaji.