Maswali ya "chagua zote" kwenye SPSS: uzoefu wangu

Dodoso langu lilikuwa la mama lishe wa Tandika na Kariakoo, na swali lililonipeleka kwenye menyu ya Multiple Response ya SPSS, programu ya kuchambua takwimu, lilisema: unapikia nishati gani? Chagua zote zinazokuhusu. Mama lishe hana jiko moja. Maharage yanainjikwa kwenye mkaa tangu alfajiri, mteja akitaka chai ya haraka anawasha gesi. Ukimlazimisha ataje moja, umejitungia data.

Majibu nilikusanya kwa KoboToolbox, programu ya kujazia madodoso kidijitali. Unaposhusha faili, hakikisha kila nishati ina safu yake: 1 kwa aliyechagua, 0 kwa asiyechagua. Yakirundikana safu moja, "mkaa gesi" huku, "mkaa kuni" kule, SPSS inaona maneno tu.

Kutoka hapo ni mteremko. Analyze, Multiple Response, Define Variable Sets. Unaingiza safu, unaiambia ihesabu 1, unaipa seti jina, kisha unaenda Frequencies.

Jedwali linalotoka lina asilimia za aina mbili, na hapo ndipo watu hubanwa siku ya kuwasilisha. Chukulia wahojiwa 100: mkaa 90, gesi 60, umeme 30, kuni 20. Majibu yote ni 200. Mkaa utasoma 45% kwenye Percent (90 kati ya majibu 200) na 90% kwenye Percent of Cases (90 kati ya wahojiwa 100). Zote sahihi, ila anayeuliza ni mama lishe wangapi wanatumia mkaa anataka hiyo 90. Jumla ya Percent of Cases inafika 200%, na iache hivyo hivyo. Nimeshaona ripoti ambayo mtu kaikandamiza mpaka ikawa 100!

Kinachonikera hasa ni kigawanyo, yaani idadi ya watu ambayo asilimia inakokotolewa juu yake. Ambaye hakuchagua hata kimoja, SPSS inamhesabu kama hajajibu na kumweka kando. Kwenye nishati si neno, kila mmoja anapikia kitu. Ila nilikuwa pia na swali la mkopo umewahi kuupata wapi: benki, vikoba, mtu binafsi. Wasiowahi kukopa wakiondolewa, asilimia za waliobaki zinavimba, na hakuna onyo lolote isipokuwa kijedwali cha Case Summary juu ambacho wengi hawakisomi. Dawa yake ni kuongeza safu ya "sijawahi kukopa" na kuiingiza kwenye seti.

Jingine: seti za menyu hii hazihifadhiwi na faili la data. Bonyeza Paste badala ya OK ili ubaki na amri yako:

MULT RESPONSE GROUPS=$nishati (mkaa gesi umeme kuni (1)) /FREQUENCIES=$nishati.

Crosstabs yake, yaani jedwali la kulinganisha makundi, ipo, lakini haitoi kai-skweya, kipimo cha kuona kama tofauti ya makundi ni ya kweli au ya bahati tu. Kulinganisha Tandika na Kariakoo nilirudi kwenye Crosstabs ya kawaida, nishati moja moja, kazi ya kuchosha. Nyota tatu kati ya tano. Mwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, aandike ssc install mrtab. Kai-skweya ataipata humo humo.