Alkoholi ya isopropili ya kutolea rangi kwenye kisanamu cha madini ya risasi: naipa nyota nne

Nilimnunua huyu mchawi akiwa hana uso. Uso ulikuwepo, ila umezikwa chini ya rangi za watu wasiopungua wawili, kila mmoja kapaka juu ya kazi ya mwenzake bila kuisafisha. Ni kisanamu cha kipimo cha milimita 25 kutoka Ral Partha, kampuni ya visanamu iliyoanzishwa mwaka 1975 huko Cincinnati, Marekani. Chini ya kitako pamechongwa 1979. Kwa hiyo ni cha risasi. Kampuni hiyo ilihamia mchanganyiko usio na risasi mwaka 1993.

Nilichotumia ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Iwe hiyo hasa, maana iliyozimuliwa kwa maji inafanya kazi kwa uvivu mno. Nilimtumbukiza mchawi wangu kwenye chupa ya kioo, nikaifunga, nikaenda kulala. Asubuhi rangi ya juu, ile ya akriliki (inayozimuliwa kwa maji), ilikuwa imevimba na kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Mswaki laini kidogo tu, ikatoka vipande vipande. Kijiti cha meno kikamalizia kwenye mikunjo ya joho, na hapo ndipo nilipoiona pua kwa mara ya kwanza. Ndefu, imepinda! Nilicheka peke yangu.

Ila chini yake kulikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, nayo haikushtuka. Siku mbili nzima imelowa, na bado imeng'ang'ania kwenye ndevu. Nyota ya tano imepotelea hapo. Ikabidi nimalizie kwa asetoni, dirisha wazi na glavu mkononi, na ndani ya saa moja ndevu zikawa safi. Asetoni ni ya visanamu vya metali tu: ukiiwekea kisanamu cha plastiki, utakuta uji.

Kabla ya hapo niliwahi kujaribu dawa ya kuua vijidudu, ile ya kahawia inayogeuka nyeupe ikikutana na maji. Inalainisha rangi, sikatai. Kosa langu lilikuwa kusuuza kwa maji mapema: kila kitu kiligeuka ulimbo, na mswaki nikautupa. Alkoholi haina mambo hayo. Inakauka yenyewe, haiachi utando, na ukiichuja kwa kitambaa unaitumia tena. Inawaka moto kirahisi tu, basi iwe mbali na jiko na kiberiti.

Kitakoni, rangi ilipotoka, nilikuta unga mweupe. Huo si vumbi. Ni risasi inayooza, mara nyingi kwa sababu ya mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, hasa za mwaloni, kisanamu kikifungiwa kabatini kwa miaka. Ni sumu, kwa hiyo usiupulize wala usiusugue mkavu. Niliutoa kwa brashi iliyolowa, nikafuta, nikanawa mikono kama daktari.

Fimbo ilikuwa imepinda na mimi, kwa pupa, nikainyoosha kwa vidole mara moja. Ikakatika. Risasi ya umri huo inataka kunyooshwa polepole, kidogo kidogo, tena si mara nyingi. Nilitoboa tundu jembamba kila upande, nikapitisha kipande cha waya wa shaba, nikaunga kwa gundi ya epoksi. Sasa ni imara kuliko ilivyozaliwa, ingawa mwenye jicho kali ataiona ile alama.

Kupaka hakukunisumbua sana. Praima (rangi ya msingi) nyembamba ya kijivu, kisha rangi zilizozimuliwa sana, tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa michongo ya enzi hizo haina kina kirefu na rangi nzito inaifukia tena. Joho nimelifanya la buluu iliyopauka. Nyota za kofiani nimeziacha. Mkono wangu unatetemeka na sioni aibu kusema hivyo. Vanishi isiyong'aa, basi. Sasa anakaa kwenye rafu ya kioo.

Chupa imebaki robo. Kuna mbilikimo mwenye shoka anasubiri zamu yake, naye naona kapakwa rangi ya mafuta kuanzia kofia hadi buti. Huyo naanza naye kwa asetoni moja kwa moja.