Mkusanyo wa sheria za uchaguzi kutoka steshenari ya Mwanjelwa: ununue, ila ukague kwanza

Kitabu ninachokizungumzia hapa hakikutoka kiwandani. Ni kurasa zilizotolewa kopi na kubaindiwa kwa waya wa plastiki katika steshenari moja ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, nami nilikinunua kwa shilingi 14,000 kwa sababu nafundisha Uraia na nilikuwa nimechoka kusoma vifungu vya sheria kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake mna Ibara ya 74 ya Katiba ya 1977, Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi Na. 2 ya 2024, Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya mwaka huohuo na, jambo lililonishangaza, Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, ambayo ilifutwa na hiyo Na. 1.

Aliyepanga kurasa hizi, awe alikusudia au hakukusudia, ametanguliza Katiba kabla ya sheria za 2024, na kwangu mpangilio huo peke yake una thamani ya nusu ya bei. Msomaji anayeanza na sheria mpya hukutana na neno "Huru" kwenye jina la Tume na anaweza kudhani kwamba uhuru huo umezaliwa mwaka 2024. Anayeanza na Ibara ya 74 huona kwamba Tume ilikwisha kutajwa humo kuwa idara huru ya kujitegemea, isiyolazimika kufuata amri ya mtu yeyote, wala maagizo ya idara ya Serikali, wala maoni ya chama cha siasa. Ubishi wa miaka yote, kwa hiyo, haukuhusu jina hasa, bali ni nani anayewateua walioko ndani ya Tume na ni nani mwenye uwezo wa kuwaondoa.

Kuhusu hilo Katiba haifichi kitu. Rais ndiye anayewateua wajumbe. Mwenyekiti anaweza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu au wa Mahakama ya Rufani, au mtu mwenye sifa za kuwa wakili, na Makamu wake sharti atoke upande mwingine wa Muungano. Waziri, Naibu Waziri, mbunge, diwani na kiongozi wa chama cha siasa hawaruhusiwi kuwa wajumbe. Muda wa mjumbe ni miaka mitano, lakini kabla haujaisha Rais anaweza kumwondoa kwa sababu ya maradhi, mwenendo mbaya au kukosa sifa. Ukiisoma ibara hiyo taratibu, ukiwa na kalamu mkononi, utaona kwamba mkono uleule unaomwingiza mjumbe ndio unaomtoa, na hapo ndipo wanafunzi wangu wa kidato cha nne huanza kunyoosha vidole.

Sheria Na. 2 ya 2024 imeongeza hatua moja kati ya mwombaji na Rais, nayo ni Kamati ya Usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu wa Tanzania, Makamu wake akiwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na ndani yake yumo pia Mwenyekiti wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Siidharau hatua hiyo hata kidogo, kwa maana ni bora mtu aombe kazi hadharani na ahojiwe kuliko jina lake kusikika kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hata hivyo Ibara ya 74 yenyewe haikuguswa, na sheria ya Bunge haiwezi kuivuka Katiba. Kuzikuta nyaraka hizi mbili ndani ya jalada moja kunamsaidia msomaji kuliona jambo hilo bila kusubiri kuelezwa na mtu.

Nirudi kwenye ile sheria iliyofutwa. Mwanzoni niliiona kuwa kasoro kubwa, kwa sababu mteja asiyejua anaweza kunukuu kifungu cha Sura ya 343 mbele za watu na kuumbuka. Baadaye nilibadili mawazo kwa kiasi. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ya zamani kiliwafanya wakurugenzi wa majiji, manispaa, miji na wilaya kuwa wasimamizi wa uchaguzi kwa nafasi zao, na wakurugenzi hao ni wateule wa Rais. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alikwenda Mahakama Kuu kupinga utaratibu huo na tarehe 10 Mei 2019 akashinda, lakini mwezi Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Shauri likafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ambayo Juni 2023 ilimpa ushindi. Sheria mpya haiwataji tena wakurugenzi, bali inasema Tume inaweza kuteua wasimamizi kutoka miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi.

Nilizifungua kurasa hizo mbili kwenye meza ya ofisi ya walimu, ya zamani kushoto na mpya kulia, nikamwita mwenzangu anayefundisha Historia. Alisoma, akavua miwani, akauliza, "Mwalimu mwenzangu, kwani mkurugenzi wa halmashauri si mtumishi mwandamizi?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Swali hilo lisingezaliwa bila ukurasa wa kushoto, na kwa hiyo ombi langu kwa mwenye duka si kuiondoa Sura ya 343, bali kuigonga muhuri mkubwa wa IMEFUTWA juu ya kila ukurasa.

Kasoro isiyo na utetezi ni ya mashine. Mwisho wa Ibara ya 74 umekatwa chini, na mistari iliyopotea si ya kupambia. Humo ndimo mnamopigwa marufuku watu wanaohusika na uchaguzi, kuanzia Mwenyekiti hadi wasimamizi wa miji na wilaya, kujiunga na chama chochote cha siasa, huku wakibakiziwa haki yao ya kupiga kura. Bila mistari hiyo msomaji hataelewa kwa nini msimamizi anapoapishwa hutoa pia tamko la kujitoa uanachama wa chama au la kutokuwa mwanachama.

Kimoja nilichokitamani na sikukipata ni ukurasa hata mmoja kuhusu majirani. Sisi wa Mbeya tuna ndugu Kyela, na kutoka Kyela hadi mpaka wa Kasumulu ni karibu, kwa hiyo habari za Malawi hutufikia pamoja na mchele. Katiba ya huko inataka Mwenyekiti wa tume yao awe jaji aliyependekezwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Hata hivyo uchaguzi wa rais wa 2019, uliosimamiwa na Jaji Jane Ansah, ulibatilishwa na mahakama tarehe 3 Februari 2020, baada ya fomu za matokeo kukutwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia. Mwaka 2025 jaji huyohuyo alikuwa mgombea mwenza wa Peter Mutharika, yuleyule ambaye ushindi wake wa 2019 ulibatilishwa. Kwetu ibara ndogo ya 12 ya Ibara ya 74 inazizuia mahakama kuchunguza lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake, na Ibara ya 41(7) inafunga mlango kwa matokeo ya urais, jambo ambalo Mahakama ya Afrika ililikosoa Julai 2020 katika shauri la wakili Jebra Kambole. Ibara hiyo ya 41, kwa bahati mbaya, haimo kabisa kwenye mkusanyo huu.

Nilikirudisha kitabu Jumamosi iliyofuata. Kijana wa dukani alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akakipokea bila ubishi, akaufungua waya na kunitolea upya ukurasa uliokatwa. Nilipomwomba na Ibara ya 41 alinitoza shilingi mia mbili, akaipachika mwishoni. Huduma yao ni ya haraka na wino wao haupaki vidole. Utakapokwenda, kabla hujatoa hela, fungua Ibara ya 74 na uhakikishe kwamba ibara ndogo ya 15 ipo yote hadi nukta ya mwisho.