Venture X, Sapphire Reserve au Platinum: ipi inamfaa anayesafiri kati ya Marekani na Afrika Mashariki?

Mkenya au Mtanzania anayeishi Marekani akianza kutafuta kadi ya mkopo ya hadhi ya juu, yenye pointi za safari na launji za viwanja vya ndege, hukutana na majina matatu: Capital One Venture X, Chase Sapphire Reserve na American Express Platinum. Ada zake za mwaka ni dola 395, dola 795 na dola 895. Reserve ilikuwa dola 550 hadi Juni 2025, Platinum ilikuwa dola 695 hadi Septemba mwaka huohuo. Zote mbili zilipandisha ada na kuongeza lundo la vocha (pesa ambazo kadi hukurudishia ukilipia vitu fulani) ili mteja asijione amepunjwa. Venture X imebaki na ada ileile tangu ilipoanza kutolewa Novemba 2021, ingawa imepunguza mambo mengine, na tutayafikia.

Kwa safari za kwetu, pointi za kadi hizi tatu zinaishia mahali pamoja. Zote zinahamishika, pointi 1 kwa 1, kwenda Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, na kwenda Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada. Flying Blue ndiyo inayokupa KLM kupitia Amsterdam hadi Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam, na kwa kuwa Kenya Airways imo SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege walimo KLM na Air France, wakati mwingine utapata hata ile ndege ya moja kwa moja ya New York hadi Nairobi, ingawa nafasi za pointi humo ni chache. Aeroplan inakupa Ethiopian kupitia Addis Ababa, na kutoka hapo Ethiopian inafika karibu kila mji mkubwa wa ukanda wetu: Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Mombasa, Nairobi, Entebbe, Kigali, Bujumbura. Venture X inaongeza Turkish Airlines, ambako pointi za Chase na Amex (American Express) haziendi. Basi hizo dola 400 au 500 za ziada hazikununulii njia bora ya kufika nyumbani. Zinakununulia vocha, launji na bima, na hivyo ndivyo vya kupigiwa hesabu.

Tuanze na pointi zenyewe. Chukua familia ya watu wanne inayonunua tiketi za dola 6,000 kwa mwaka moja kwa moja kwenye tovuti ya shirika la ndege, na inayotumia dola 2,000 kwa mwezi kwa mambo ya kawaida, dola 300 kati yake zikiwa za migahawani. Venture X inatoa pointi 2 kwa kila dola, popote pale: tiketi 12,000, matumizi 48,000, na kuanzia mwaka wa pili benki inaongeza maili 10,000 za kutimiza mwaka. Jumla 70,000. Reserve inatoa pointi 4 kwa tiketi na hoteli ulizonunua moja kwa moja, 3 migahawani na 1 kwingineko: 24,000 jumlisha 10,800 jumlisha 20,400, yaani 55,200. Platinum inatoa 5 kwa tiketi za ndege na 1 kwa karibu kila kitu kingine: 54,000. Kadi ya bei ya chini ndiyo inayozaa zaidi, kwa sababu pesa za nyumba ya kawaida zinaishia dukani, kwenye mafuta ya gari na kwenye bili, wala si kwenye ndege.

Sasa angalia unanunua tiketi wapi. Wengi wetu tunanunua kwa wakala, yule mwenye bei za msimu na anayekubali kushikilia nafasi hadi mshahara uingie. Malipo kwa wakala hayahesabiwi kuwa malipo kwa shirika la ndege. Platinum inashuka kutoka 5 hadi 1, Reserve kutoka 4 hadi 1, na Venture X inabaki 2. Anayemtegemea wakala kila mwaka hahitaji kusoma ulinganisho zaidi ya hapo.

Vocha: hesabu zile tu ambazo ungezilipia hata bila kadi

Venture X ina vocha moja kubwa, dola 300 kwa mwaka, lakini sharti uitumie kwenye tovuti ya safari ya Capital One. Ukinunulia tiketi humo, unapata pia pointi 5 kwa kila dola badala ya 2. Tatizo linakuja safari inapovurugika. Tiketi iliyonunuliwa kupitia benki ni tiketi ya wakala: ndege ikifutwa, kaunta ya shirika inaweza kukuambia urudi ulikonunua, nawe uko uwanjani Addis saa nane usiku ukisubiri mtu wa huduma kwa wateja Marekani apokee simu. Kwa hiyo vocha hiyo itumie kwa hoteli ya usiku mmoja au tiketi fupi ya ndani ya Marekani, na tiketi ndefu yenye maunganisho nunua kwa shirika lenyewe. Ukifanya hivyo, ada halisi ni dola 95, na zile maili 10,000, ambazo kwenye tovuti hiyo zina thamani ya dola 100, zinaifuta.

Reserve nayo ina dola 300 za safari, na hizi ndizo safi kuliko zote katika ulinganisho huu. Zinajirudisha zenyewe kwenye malipo yoyote ya safari: tiketi, hoteli, teksi, maegesho, hata ada za barabara. Toa hizo, umebaki na dola 495 za ada ambazo kadi inatakiwa kuzitetea. Hapo ndipo Chase inakuletea dola 500 za hoteli za orodha yake maalumu, zikigawanywa mara mbili za dola 250, kwa malipo ya kabla na kukaa usiku usiopungua mbili. Dola 300 za migahawa teule, 150 kila nusu mwaka. Dola 300 za tiketi za burudani kwa StubHub, soko la tiketi mtandaoni. Na vijivocha vya kila mwezi vya Lyft (teksi) na DoorDash (kuletewa chakula). Anayeishi Chicago au New York na anayependa kula nje atazitumia. Anayeishi Des Moines na akifika Mombasa analala kwa shangazi yake hatazitumia, na hoteli za orodha ile zina bei ambayo dola 250 haziifuniki.

Platinum ni kazi ya ziada, na tunasema hivyo bila kuionea. Dola 600 za hoteli kwa nusu mbili, dola 400 za migahawa iliyo kwenye Resy, programu ya kuweka nafasi migahawani, kwa robo nne za dola 100, dola 200 za Uber zinazotolewa 15 kila mwezi na 35 Disemba, tena kwa safari za Marekani tu, dola 75 kila robo kwa nguo za lululemon, dola 25 kila mwezi kwa huduma teule za burudani mtandaoni. Nyingi lazima ujiandikishe kwanza kwenye akaunti, na usipotumia ndani ya kipindi chake imepotea. Inayotuudhi zaidi ni ile ya dola 200 za ada za ndege. Watu hudhani italipia begi la tatu. Haifanyi hivyo kwa Ethiopian, Kenya Airways, KLM wala Qatar, kwa sababu unatakiwa kuchagua shirika moja kutoka orodha ya mashirika ya Marekani, na hata huko inalipa ada ndogondogo tu, si tiketi.

Launji

Terminal 4 ya JFK, inakoondokea Kenya Airways, ina launji za kampuni zote tatu, kwa hiyo hapo hakuna mshindi wa mahali. Tofauti iko kwa unaoongozana nao. Kuanzia 1 Februari 2026 Venture X haimpokei tena mgeni bure, isipokuwa kwa anayetumia dola 75,000 kwa mwaka: mgeni ni dola 45 kwenye launji za Capital One, 25 akiwa na miaka 17 au chini, na dola 35 kwenye launji za Priority Pass, mtandao wa launji za viwanja vingi duniani ambao kadi zote tatu hukuingiza. Hata mwenye kadi ya ziada, ambaye zamani aliingia bure, sasa anatakiwa kulipiwa dola 125 kwa mwaka. Platinum inatoza dola 50 kwa mgeni kwenye Centurion, launji za Amex yenyewe, 30 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 17, lakini kwenye Priority Pass inaruhusu wageni 2. Reserve inaruhusu wageni 2 kwenye Priority Pass na pia kwenye launji zake yenyewe.

Kwa baba, mama na watoto wawili, launji moja ya Priority Pass kwa Venture X ni dola 105 za wageni. Kwa pesa hizo mnakula vizuri uwanja wowote wa ndege. Ikiwa launji ndiyo sababu yako kuu na hamsafiri peke yenu, Reserve inashinda, na hii ndiyo sehemu pekee ambapo tungemshauri mtu wa familia aifikirie.

Kosa la kawaida: kufika mlangoni na kadi ya benki mkononi. Uanachama wa Priority Pass hauji wenyewe. Ingia kwenye akaunti ya kadi, jiandikishe, kisha weka kadi yake ya kidijitali kwenye simu kabla ya siku ya safari. Na angalia kwenye programu yao terminal ya launji, maana kubadili terminal kwenye baadhi ya viwanja ni kupitia ukaguzi upya.

Bima, na kadi inapofika nyumbani

Reserve ina bima ya kusafirishwa kwa dharura ya matibabu hadi dola 100,000, lakini safari isizidi siku 60. Anayekwenda kukaa miezi mitatu kumuuguza mzazi yuko nje ya bima hiyo. Platinum haina kikomo cha fedha kwa usafirishaji huo mradi kituo chao ndicho kinachoupanga. Ukijiitia ndege ya wagonjwa mwenyewe, bili ni yako. Venture X haina. Mwenye Venture X anayekwenda mbugani anunue bima ya kuhamishwa kwa ndege ya AMREF Flying Doctors, ambayo ni nafuu sana ukilinganisha na tofauti ya ada za kadi hizi.

Zote tatu hazitozi ada ya matumizi ya nje. Lakini mashine ya kadi Nairobi au Dar es Salaam ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, bonyeza shilingi. Ukichagua dola, mwenye mashine anabadilisha fedha kwa kiwango chake, na pointi zako zote za malipo hayo zimeliwa hapo. Hoteli nyingi na kampuni za safari za mbuga, hasa Tanzania, huongeza asilimia kadhaa kwa anayelipa kwa kadi. Uliza kabla, kwa sababu asilimia 4 au 5 inazidi thamani ya pointi utakazopata. Amex inakubalika sehemu chache kuliko Visa, kwa hiyo mwenye Platinum atahitaji kadi ya pili. Na sokoni, kwa mama ntilie na kwenye bodaboda, kadi zote hizi ni plastiki tu. Huko ni M-Pesa.

Usitume pesa nyumbani kwa kadi hizi. Kampuni za kutuma fedha hukubali namba ya kadi ya mkopo bila neno, kisha benki inayachukulia malipo hayo kuwa umetoa fedha taslimu: mara nyingi ada ya asilimia 5, riba inaanza siku ileile bila muda wa kusubiri, na pointi hakuna. Tumia kadi ya kawaida ya akaunti au akaunti yenyewe. Kwa jumla, asiyeweza kulipa deni lote kila mwezi aachane na kadi hizi, kwa sababu riba yake kwa kawaida inazidi asilimia 20 kwa mwaka.

Kuhamisha pointi bila kujuta

Fungua akaunti ya Flying Blue na Aeroplan mapema, kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, na hakikisha benki ina jina hilohilo. Majina yetu matatu yanayopangwa kila ofisi kwa namna yake ndiyo yanayokwamisha uhamishaji. Tafuta kiti kwanza, kione kwa tarehe na idadi ya abiria, ndipo uhamishe, maana pointi zikishatoka benki hazirudi. Flying Blue inapunguza asilimia 25 ya maili kwa mtoto wa miaka 2 hadi 11 kwenye ndege za KLM na Air France, lakini inaongeza tozo za dola mia kadhaa kwa tiketi. Aeroplan haiongezi tozo za shirika, na kwa pointi 5,000 zaidi unaweza kukaa Addis siku kadhaa kabla ya kuendelea.

Kabla ya kuomba: Chase kwa kawaida humkatalia aliyefungua kadi 5 au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24. Capital One hukagua taarifa zako katika ofisi zote tatu zinazotunza rekodi za mikopo kwa ombi moja. Amex hutoa zawadi ya kujiunga mara moja tu kwa kila aina ya kadi, kwa hiyo usiichukue Platinum mwezi ambao zawadi ni ndogo. Na ukiamua kuachana na Reserve baada ya mwaka, omba ishushwe kuwa Sapphire Preferred ya dola 95. Pointi zinabaki na bado zinahamishika. Platinum ikiwa ndiyo kadi yako pekee ya Amex yenye pointi hizo, zihamishe kwanza kwenda shirika la ndege, ndipo upige simu ya kuifunga.