TAHADHARI: "Chuo cha urubani" hapa Mwanza, ndege hakina

Wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha sita, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa wamepanga ghorofani katikati ya mji, wanajiita chuo cha urubani. Ada milioni mbili na nusu, miezi tisa, mtoto anatoka na "diploma ya urubani" na ajira eti imeshaandaliwa. Mpwa wangu kaliwa milioni moja ya kuanzia, imetumwa kwenye laini ya mtu binafsi.

Nilimsindikiza kwenda kudai. Nikaomba nione ndege. Mwalimu, shati jeupe na mistari minne begani, akanionyesha kompyuta mpakato iliyochomekwa usukani wa gemu. Hiyo ndiyo simyuleta yao, yaani mashine ya kujifunzia kuruka ukiwa chini. Ndege je? "Ziko matengenezo."

Kilichonichefua zaidi ni kitabu cha kumbukumbu za kuruka. Saa zimeshajazwa, kalamu moja, mwandiko mmoja, na dogo hajawahi kupanda hata ndege ya kwenda Dar! Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi inataka saa 40 za kuruka kwa kawaida. Ya biashara 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa. Simyuleta huhesabiwa sehemu ndogo tu, tena iwe imeidhinishwa. Sasa kwa milioni mbili na nusu, mafuta ya ndege ananunua nani?

Nilipobana wakanipungia cheti cha BRELA. BRELA inasajili hata kampuni ya kuuza dagaa. Leseni ya urubani inatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, baada ya mitihani na kupimwa ukiwa angani, na chuo lazima kiwe na kibali chao cha kufundisha. Wapigieni TCAA wenyewe, msitumie namba mtakayopewa na hao jamaa.

Halafu anzeni na afya. Rubani wa biashara anatakiwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa daktari anayetambuliwa na TCAA. Pimeni kwanza, ada baadaye. Hawa hawakumuuliza mpwa wangu hata habari ya macho, na miwani kaivaa mbele yao. (Miwani yenyewe haimzuii mtu, ila chuo cha kweli kingeuliza.)

RB tumeshachukua polisi. Kama na wewe ulilipa, usifute ujumbe wa muamala, njoo inbox tuunganishe majina. Laini waliyopokelea hela zetu tayari haipatikani.